Kisu cha Mlimani cha Shangazi Kilo

Mkono wa kulia wa Shangazi Kilo ulikuwa na tabia mpya: mwenyewe akiamka, mkono unaendelea kulala. Kila asubuhi, kabla hajashusha miguu kitandani, aligusisha gumba kwenye vidole vingine kimoja kimoja, kama mwalimu anayeita majina darasani. Kidole kidogo: nipo. Cha pete: nipo. Cha kati: kimya. Cha shahada: kimya. Alivitikisa, akavipuliza, akavikalia, akavitukana kwa sauti ya chini. Baada ya robo saa vilirudi vikiwasha kama vimepitishwa kwenye upupu, naye akajifunga aproni akaenda buchani kana kwamba hakuna lililotokea.

Jina la Kilo alipewa na wateja. Mtu akiagiza kilo, alikata mara moja tu, akatupa nyama kwenye mizani, na mshale ukasimama kwenye kilo bila aibu. Walikuwapo waliowaleta wageni wao buchani si kununua, bali kuona. Miaka ishirini na sita hiyo ndiyo ilikuwa sarakasi yake. Lakini tangu mwaka jana alikuwa anakata, anaongeza kipande, anapunguza kipande, anasema mizani imezeeka. Mara mbili kisu kilimponyoka kabisa, kikachoma sakafu sentimita chache kutoka kidole cha mguu. Mara zote mbili aliinama upesi, akasema, "Shetani ana haraka leo," wateja wakacheka.

Yeye hakucheka. Mtaa wa pili alikuwapo muuza nyama mwenzake, mwanamume wa miraba minne, ambaye naye alianza kwa ganzi ya vidole. Leo anakaa kwenye stuli mlangoni mwa bucha lake mwenyewe, kazi yake kufukuza nzi na kusalimia wapita njia, na ndani wanakata wengine. Shangazi Kilo alimheshimu sana mtu yule, na kwa sababu hiyo hiyo alizunguka njia ndefu ili asipite mbele yake. Hakuogopa uzee wala kifo, ambavyo vina adabu ya kumjia kila mtu. Aliogopa stuli.

Hakumwambia mtu yeyote. Binti yake wa pekee, aliyefanya kazi ya kupima ardhi na kushinda juani akichungulia darubini, alipomwalika kupanda mlima na kundi lake kwa siku tatu, Shangazi Kilo alikubali kwa furaha ya mtu aliyepewa ruhusa ya kutoshika kisu. Kisha akajiharibia mwenyewe kwa mdomo wake.

Ilikuwa sebuleni kwa binti, ramani imetandazwa sakafuni, watu watano wamepiga magoti kuizunguka. Kiongozi wa msafara, mwalimu wa hesabu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa anasoma orodha: mahema mawili, jiko, kamba, taa za kichwani, kisu kikubwa.

"Kisu kiwe kikubwa, kisichokunjwa," mwalimu alisema. "Nitatafuta mtandaoni. Kuna mtu ameandika kurasa kumi na mbili."

"Kurasa kumi na mbili za kisu!" Shangazi Kilo akadakia. "Mwalimu, mnasafiri na muuza nyama, halafu kisu kitafutwe na mtu wa logarithimu? Watu watasema nini?"

"Kwani utakuja na cha buchani?"

"Kisu niachieni mimi. Nyie leteni viazi."

Watu wakapiga makofi, mmoja akasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na jambo likapita. Njiani kurudi nyumbani Shangazi Kilo alijiuma ulimi mpaka karibu aupime uzito. Mtu hanunui kisu bila kukishika. Na akikishika mbele ya binti yake, mkono utasema yote ambayo mdomo umeyaficha mwaka mzima.

*

Duka la vifaa vya safari lilikuwa chini ya jengo la ghorofa mbili, kati ya fundi saa na mahali pa kutoa nakala. Ndani palinuka turubai jipya na mpira wa buti. Mahema yalining'inia darini kama popo wa rangi, mifuko ya kulalia imebanwa kwenye rafu hadi ikawa midogo kama mikate, na nyuma ya meza ya kioo alisimama mzee mwembamba mwenye penseli nyuma ya sikio. Penseli ile ilikuwa imebaki kutoka maisha mengine: alikuwa seremala miaka thelathini, hadi vumbi la mbao lilipomkalia kifuani na daktari akamwambia achague kati ya randa na pumzi. Mtaani walikuwa bado wanamwita Seremala.

Shangazi Kilo alikuwa na mpango. Aliingia mikono yote miwili ikiwa kwenye mifuko ya sweta, akatupa jicho kwenye kioo, akaelekeza kwa kidevu.

"Kile kirefu chembamba. Tufungie, tunaondoka."

"Mama!" binti yake akashangaa. "Hata hujakigusa."

"Ng'ombe mzima namjua kwa macho, kisu kitanishinda?"

Seremala alikitazama kile kisu, akamtazama mteja. "Samahani, mama. Huko mnakokwenda mna miadi na samaki?"

"Samaki gani? Tunakwenda mlimani."

"Basi kile hakiwahusu. Kile ni cha kumtoa samaki mgongo. Kinapinda kama fimbo ya mwalimu wa chekechea."

Ukweli ni kwamba jicho la Shangazi Kilo lilikuwa limefanya lilichofundishwa. Kwa muuza nyama, kisu kizuri ni chembamba. Kinapita kati ya nyama na mfupa kama umbea unavyopita kati ya majirani. Kinene ni cha mtu asiyejua kazi. Hakupenda kusahihishwa, hasa mbele ya mtoto aliyemfundisha mwenyewe kumenya kitunguu.

"Mimi nimeshika kisu kabla wewe hujashika penseli hiyo," alisema.

"Sina ubishi. Lakini wewe nyama inakusubiri mezani imetulia. Kuni hazitulii. Kisu cha msituni unakiweka juu ya gogo, unakigonga mgongoni kwa rungu, kinapasua. Kinachonga vigingi vya hema. Kinafungua kopo mtu akisahau kifunguo, na kila msafara una msahaulifu wake. Kile chembamba ukikigonga mara tatu, mnabaki na nusu ya kisu na baridi nzima."

Binti alicheka. Shangazi Kilo, ambaye alijua hoja nzuri akiisikia hata ikitoka kwa adui, aliondoa jicho kwenye kile chembamba.

Seremala akafungua kioo, akapanga visu vinne juu ya kitambaa. Cha kwanza kilikuwa na meno ya msumeno mgongoni na rangi nyeusi ya kutisha. "Hiki wananunua vijana wa kupiga picha," alisema, akakisogeza pembeni. Cha pili kilikuwa na mpini wenye uvungu ndani, umejazwa ndoana, kiberiti na dira ndogo. Shangazi Kilo aliinama, bado mikono mfukoni, akakichungulia pale chuma kilipokutana na mpini.

"Mkia wa chuma umeishia mlangoni," alisema.

"Umeona! Ndani hakuna kitu. Hiki siku ukikiegemea, kichwa kinakwenda huku na kiwiliwili kule." Mzee alimtazama kwa heshima mpya. "Na hivi viwili?"

Viwili vilivyobaki vilikuwa ndugu: chuma kimepita katikati ya mpini hadi mwisho wake, kimebanwa kwa misumari mitatu ya shaba, mti huku na mti huku. Kimoja kilikuwa kirefu karibu kama mkono wa mtu kutoka kiwiko. Kingine hakikufika shubiri moja, mgongo wake mnene kama sarafu mbili zilizobebana, ncha imeshushwa kidogo ili isivunjike.

"Hicho kirefu ni panga lililokwenda shule," Shangazi Kilo alisema. "Kitamchosha anayekibeba, na mkatie mtu mkate uone. Hicho kifupi kina akili. Lakini makali yake ni manene sana. Hayatakata karatasi."

"Hayakuletwa kukata karatasi. Makali membamba yanamenyeka kwenye fundo la mti. Haya yanaingia polepole, lakini yanarudi nyumbani nawe."

"Na kutu?"

"Chuma hiki kinashika kutu, sikudanganyi. Ukifuta na mafuta kidogo, mtazikana. Kipo cha aina isiyoshika kutu, ila kukinoa mlimani kwa jiwe utalia."

"Kunoa sina shida. Nipe hiki."

"Kishike kwanza, mama."

"Nimekiona."

"Kisu ni kama kiatu. Huwezi kununua kwa kukitazama."

Shangazi Kilo hakusogea. Binti yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuona sentimita moja kwa umbali wa mita mia tatu, alikuwa ameacha kutazama visu.

"Mama, toa mkono."

"Nina baridi."

"Baridi gani? Jasho linakutiririka."

"Basi nina homa."

"Mama. Tangu lini wewe unanunua vitunguu vilivyokatwa tayari? Niliviona kwenye jokofu lako mwezi uliopita, nikasema labda umeletewa. Nikaviona tena. Nikajua kuna kitu."

Mashine ya nakala ya jirani ilisikika ikimeza karatasi. Seremala aligeuka, akaanza kupanga kamba zilizokuwa zimepangwa. Na Shangazi Kilo, aliyekuwa ameandaa uongo wa aina saba tangu asubuhi, alijikuta ameishiwa wote kwa pamoja.

"Vidole viwili havipo," alisema. "Asubuhi havipo kabisa. Kazini vinaondoka dakika moja baada ya kushika kisu. Nitaishia kwenye stuli, mwanangu, kama yule bwana."

Binti aliingiza mkono wake kwenye mfuko wa sweta ya mama, kama alivyofanya alipokuwa mdogo akitafuta pipi, akautoa ule mkono nje.

*

Nyuma ya duka palikuwa na ua mdogo wa saruji, na katikati yake kisiki ambacho Seremala alikitumia kuwaonyesha wateja. Aliweka juu yake kipande cha kuni kikavu kama goti la mbuzi.

"Shika uone," alisema. "Kikikuponyoka, hapa ni saruji, hakuna wa kuumia isipokuwa saruji."

Shangazi Kilo alishika. Mpini ulijaza kiganja chote, mnene kuliko alivyozoea, duara kidogo, bila kona. Aliweka makali juu ya kuni, akachukua rungu kwa mkono wa kushoto, akagonga mgongo wa kisu. Ta! Kuni ikafunguka kama kitabu. Akaweka nyingine. Ta! Akasubiri sindano zianze, maana kwa kawaida huu ndio ulikuwa wakati wake. Hazikuanza. Akapasua ya tatu, ya nne, ya sita. Kisha akakaa chini na kuchonga kipande kimoja, akiacha vinyweleo vya mti vikijikunja mwishoni bila kukatika, vya kuwashia moto, kama ua. Dakika nane zilipita. Kidole cha kati kilikuwapo. Cha shahada, ambacho asubuhi kilikuwa kama cha mtu mwingine, kilikuwa kinahisi msumari wa shaba: baridi, duara.

"Hakijafa," alisema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Nini hakijafa?" binti akauliza.

Shangazi Kilo alifungua mkoba wake, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti. Kilikuwa kisu chake cha kazi. Alikuwa amekibeba akidhani atahitaji cha kulinganishia. Akakishika, akaanza kuchonga kuni ileile. Hata hakufika dakika moja. "Haya, hizo," alisema. "Sindano hizo."

Seremala alikipokea kile kisu. Chuma kilikuwa kipya, kizuri. Hakukijali. Aligeuza mpini kwenye mwanga, akapitisha gumba lake juu yake polepole, kama kipofu anayesoma uso wa mtu.

"Mpini huu una umri mkubwa kuliko chuma chake."

"Ni wa baba," Shangazi Kilo alisema. "Kwetu chuma kikiisha kinabadilishwa, mpini haubadilishwi. Chuma ni cha mhunzi, mpini ni wa nyumba. Baba alipofariki, miaka minane sasa, niliweka changu, nikashika chake."

"Marehemu alikuwa anatumia mkono wa kushoto."

Shangazi Kilo alimkodolea macho. Alikuwa hajasema. "Walimwita Mashoto. Ulimjua?"

"Sikumjua yeye, huu mpini ndio unaomsema. Tazama. Hapa gumba lake lilikaa miaka arobaini mpaka likachimba shimo. Na huku vidole vyake vinne. Katikati limebaki tuta hili. Kwa mkono wa kushoto, tuta linakaa nje, halimsumbui mtu. Sasa shika wewe na wa kulia." Akamwekea kisu kiganjani. "Tuta liko wapi?"

Lilikuwa katikati ya kiganja, chini ya gumba, palepale. Shangazi Kilo alilihisi kwa mara ya kwanza, au tuseme alilihisi kila siku kwa miaka minane na kulidhani ni mkono wake.

Kwamba baba ana mashoto alilijua kabla hajajua kusoma. Lakini alifundishwa kazi akiwa amesimama ng'ambo ya gogo la kukatia, uso kwa uso na baba; kisu chake kikiwa kulia na cha baba kushoto, vyote viwili viliangukia upande mmoja, kama mtu na kioo. Hakuwahi kuona tofauti. Akaja kurithi mpini, akaupenda, ukamng'ata, na akauvumilia kwa sababu ulikuwa wa baba.

Alianza kucheka. Ilianza kama kikohozi, ikashuka tumboni, ikamlazimu akae juu ya kisiki. "Mashoto!" alisema huku machozi yakimtoka. "Ewe mzee! Kumbe mwaka mzima tunagombania kisu!" Binti naye akashikwa, na hata Seremala, ambaye kifua chake hakikuruhusu kucheka sana, alitoa penseli nyuma ya sikio akaishika tu, kwa kukosa la kufanya.

"Kesho kutwa hospitali, hata hivyo," binti alisema alipopata pumzi. "Usidhani umeponea kwa fundi wa mbao."

"Nitakwenda. Nitakwenda hata leo. Nifungie kisu."

*

Alikwenda. Daktari, msichana wa umri wa binti yake, aligonga kifundo cha mkono kwa nyundo ndogo, akamwambia mshipa wa fahamu umebanwa lakini haujaharibika. Apumzishe mkono, avae bandeji ngumu kwenye kifundo anapolala, na asiuguse tena ule mpini. "Vitarudi vyote?" Shangazi Kilo aliuliza. "Vitarudi. Ila usivikimbize." Alitoka pale akitembea katikati ya njia kama aliyeshinda kesi.

Mlimani mvua iliwakuta mchana wa siku ya pili, chini kidogo ya kambi. Kuni zote zililowa. Mwalimu wa hesabu alimaliza nusu ya kiberiti akiwa amepiga magoti, miwani imejaa ukungu, huku akieleza kwamba kwa nadharia moto ungekuwa umeshawaka.

"Ondoka, mwalimu," Shangazi Kilo alisema. "Nadharia imelowa."

Alichukua gogo lililolowa nje, akaweka kisu, akagonga. Ndani lilikuwa kavu, jeupe. Akalipasua tena na tena hadi vikawa vijiti, akachonga vinyweleo kwenye kimoja, akampa mwalimu. Njiti moja ilitosha. Watu walisogea wakanyoosha viganja, soksi zikaanza kutoa mvuke, viazi vikaingia sufuriani.

"Kurasa kumi na mbili," binti alimnong'oneza mwalimu, "na hakuna hata moja iliyosema umpeleke mama yako."

Asubuhi yake, ndani ya hema, Shangazi Kilo aliita majina. Kidogo: nipo. Cha pete: nipo. Cha kati: nipo, kwa uvivu, lakini nipo. Cha shahada kilichelewa, kama kawaida ya wakubwa, kikaja alipokuwa anafunga kamba za buti. Aliifungua kamba akaifunga tena, kwa kuonja tu.

Wiki iliyofuata, Seremala alikuwa amekitengenezea chuma chake cha buchani mpini mpya, akiuiga ule wa kisu cha mlimani, mnene na wa duara. Mpini wa baba Shangazi Kilo aliupigilia msumari ukutani juu ya mizani. Nyumba haijapoteza kitu, aliwaambia waliouliza. Mzee amepandishwa cheo.

Mteja wa kwanza siku ile aliagiza kilo. Wateja wakageukia mizani, maana watu si wajinga, walikuwa wameona yaliyokuwa yakiendelea. Shangazi Kilo akakata mara moja, akatupa kwenye mizani. Mshale ukapita kilo, ukasimama mbele kidogo, gramu thelathini hivi.

"Imezidi, Shangazi," mteja akasema.

"Chukua hivyohivyo. Mkono umetoka likizo, una furaha."

Jioni, alipofunga, hakuzunguka njia ndefu. Alipita mtaa wa pili, moja kwa moja hadi penye ile stuli. Muuza nyama mwenzake aliinua uso kwa mshangao.

"Shangazi Kilo! Umepotea mwaka mzima. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, kaka. Mimi ndiye niliyekosea." Akavuta kreti tupu, akaligeuza, akakaa kando yake. "Hebu waambie wakuletee kisu chako cha zamani. Nataka kuuona mpini."